Majivu Kwenye Udongo

Jumapili, tarehe 3

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama: Mdadisi ni mimi.

Zile karatasi za kila Jumatatu kwenye ubao wa nje ya maktaba ya shule, zile zinazoanza na "Je, ulijua?" na chini zina neno moja tu, "Mdadisi", naziandika mimi. Asubuhi kabla ya kengele nazisukuma chini ya mlango wa maktaba na kuondoka haraka kama mtu aliyeiba. Mwalimu wa maktaba anaziokota na kuzibandika. Darasani kwetu wanasema Mdadisi ni yule kijana mwenye miwani wa darasa la mwisho. Mwenyewe hakubali wala hakatai, anatabasamu tu. Mimi nakaa dawati la tatu kutoka nyuma. Mwaka huu nimenyoosha mkono mara moja, tena kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Vitabu vya maktaba karibu vyote viko katika lugha ya darasani. Nasoma kwa lugha hiyo, halafu naandika kwa lugha ya nyumbani. Sijui kwa nini, lakini nikishika kalamu sina aibu. Aibu yangu yote iko mdomoni.

Daftari hili nimelivalisha jalada la Hesabu. Hakuna mtu anayefungua daftari la Hesabu kwa hiari yake.

Jumatatu, tarehe 4

Je, ulijua? Pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu.

Waliosimama kusoma walikuwa wengi mpaka mlango wa maktaba ukazibwa. Mdogo wangu alikuwa mbele kabisa. Huyu tunamwita Redio. Ana miaka tisa, anasoma madarasa ya chini hapo hapo shuleni kwetu, na akisikia jambo asubuhi, jioni mtaa mzima unalo.

"Bibi! Bibi! Mdadisi anasema pweza ana mioyo mitatu!"

"Mitatu?" Bibi hata hakuinua macho kwenye udongo wake. "Masikini. Mimi huu mmoja tu umenichosha."

Jumatano, tarehe 6

Mvua.

Alhamisi, tarehe 7

Mvua. Nalala na vyungu.

Sitanii. Bibi yetu ni mfinyanzi, na sasa hivi ana kazi ya vyungu thelathini vya maua vya zahanati anakofanya kazi Mama. Mama ni dobi pale, anafua mashuka. Kuna jengo jipya la wazazi linafunguliwa tarehe 30, na muuguzi mkuu alimwambia Mama kwamba anataka vyungu vya kufinyangwa kwa mkono, si ndoo za plastiki. Mama alirudi siku hiyo anacheka peke yake barabarani. Bibi alijifanya hajali, ila usiku ule alipaka mikono mafuta mara mbili.

Sasa mvua haikatiki, kibanda cha nyuma kimejaa unyevu, kwa hiyo vyungu vimehamia chumbani kwangu na Redio. Viko kwenye mbao ukutani, viko chini ya dirisha, viwili viko miguuni pangu. Chumba kinanuka kisima. Kila jioni Bibi anaingia, anakiinua kimoja kimoja na kukibandika shavuni, amefumba macho. Kikiwa cha baridi, kina maji bado. Kikiwa vuguvugu kama mtu, kimekauka.

"Bado," anasema. Anachukua kingine. "Bado. Bado. Na wewe pia bado, usijitie mkubwa."

Akimaliza huniuliza, "Unaandika nini, mke mwenzangu?" Ananiita hivyo tangu Babu yuko hai, maana Babu alikuwa akisema mke wake mdogo ni mimi.

"Hesabu, Bibi."

"Hesabu gani haziishi?"

Jumatatu, tarehe 11

Je, ulijua? Kitambaa kikitoka kwenye pipa la nili huwa cha kijani na njano. Kinageuka buluu kikishapigwa na hewa, mbele ya macho yako.

Redio ameitangaza hadi kwa muuza mkaa. Bibi akasema, "Kumbe na kitambaa kinapumua." Nilitamani kumwambia kwamba maneno hayo ni mazuri kuliko ya kwangu.

Jumatano, tarehe 13

Mvua. Soksi hazikauki. Mama anakohoa kwa sababu ya mashuka mabichi.

Ijumaa, tarehe 15

Paa la maktaba limevuja. Mwalimu wa maktaba amefunika rafu zote kwa plastiki na kubandika tangazo kwamba hakuna kuazima mpaka mafundi waje. Alikuwa amesimama katikati ya ndoo tatu, suruali ameikunja mpaka magotini.

Sina kitabu hata kimoja nyumbani. Jumatatu nitaandika nini?

Jumapili, tarehe 17

Nimechoka. Tangu asubuhi nimebeba kuni kuzipeleka jikoni zipate joto, nimekinga maji ya paa, nimegeuza vyungu ili pande zote zipate hewa. Bibi amebandika vyungu shavuni mara tatu leo. Bado, bado, bado. Vilivyo tayari ni vitano. Mara ya mwisho alikaa kitandani kwangu na chungu kapakata kama mtoto mwenye homa.

Nikachukua karatasi. Nilitaka tu Jumatatu isipite bure. Na nadhani nilitaka kitu kingine, ila sikukitaja hata moyoni. Nikaandika:

Je, ulijua? Watafiti wamegundua kuwa wafinyanzi wa kale walichanganya majivu kwenye udongo. Vyungu vyao viliweza kuchomwa vikiwa bado vibichi, hata wakati wa mvua.

Hakuna watafiti. Hakuna kitabu. Nimeitunga hapa, kati ya vyungu, mguu wangu mmoja ukiwa umekufa ganzi. Nimeisoma tena na inasikika kweli kabisa. Neno "watafiti" ni kama koti zuri, ukilivaa hakuna anayeuliza ndani umevaa nini.

Ni mara moja tu. Jumatatu ijayo nitarudi kwenye vitabu.

Jumatatu, tarehe 18

Redio hakungoja hata kuvua begi.

"Bibi! Watafiti wanasema utie majivu! Unachoma vikiwa vibichi!"

"Hao watafiti ni watu wa wapi?"

"Wa kwenye ubao."

"Wamefinyanga miaka mingapi?"

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu, na Mama naye akacheka. Mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote.

Jumanne, tarehe 19

Mvua.

Jumatano, tarehe 20

Mvua. Vilivyokauka ni saba.

Alhamisi, tarehe 21

Leo Bibi hakuingia na maneno ya utani. Alikaa kitandani, akanitazama mikono, si uso.

"Wewe umesoma lugha mbili," akasema. "Ile habari ya majivu. Ni kweli?"

Nilikuwa na nafasi. Naandika hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuwa nayo. Kilikuwa chumba kile kile, watu wawili, mlango umefungwa, hakuna wa kunicheka. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo barazani, nikawa nayahesabu.

"Ndivyo walivyoandika, Bibi."

"Mama yangu hakunifundisha hiyo. Wala bibi yangu." Akafikiri. "Lakini mama yangu hakusoma. Kama wenye vitabu wamechimba wakaona, mimi ni nani?"

Akaondoka. Baadaye nikasikia akichekecha majivu ya jikoni.

Ijumaa, tarehe 22

Bibi anafinyanga upya vile vilivyochelewa, majivu ndani. Ana haraka na furaha. Ananiita "mwalimu". Siwezi kula.

Jumatatu, tarehe 25

Ubao mtupu. Wanasema Mdadisi anaumwa. Yule kijana wa miwani alikohoa kidogo mbele ya wasichana.

Jumatano, tarehe 27

Nitaandika polepole, kwa mpangilio, maana nikikimbia nitaruka sehemu ninayotakiwa kuiandika.

Nilirudi kutoka shule saa nane. Mvua ilikuwa imekatika. Tanuri letu ni la matofali, linanifika kiunoni, liko chini ya mabati nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa amekwisha kulisafisha. Vyungu vyote thelathini vilikuwa vimepangwa kwenye gunia. Saba vilikuwa vikavu, vya udongo mtupu. Vilivyobaki ni vya majivu, rangi yake kama panya.

"Leo hakuna kesho," akasema. "Mawingu yamepumzika kidogo tu, yanarudi."

Kwa kawaida Bibi hukaa na moto mdogo wa moshi karibu siku nzima kabla ya kuchochea. Leo alisema wa kale hawakuhitaji. Nilimpa vyungu kimoja kimoja naye akapanga. Nilipompa cha kwanza cha majivu, akakiinua akakibandika shavuni. Mazoea tu, nadhani. Akafumba macho. Akakaa hivyo.

Akafumbua macho, akanitazama.

Kilikuwa cha baridi. Nilijua, mimi ndiye niliyekishika kabla yake. Alinitazama kama mtu aliyeshika mlango akisubiri mwenzake aingie au atoke. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, "Bibi." Angeelewa. Sikulisema. Akakiweka tanurini, na vingine vyote akavipanga bila kuvigusisha uso.

Moto uliwaka vizuri. Redio alikuwa anacheza kuuzunguka, anaimba wimbo aliotunga wa majivu. Haikuchukua muda. Cha kwanza kililia pu! kama mfuniko wa sufuria ulioangushwa. Redio akaruka, akacheka. Pu! tena. Kisha viwili pamoja. Kigae kikatoka juu kikampita Bibi begani kikagonga bati.

"Rudini nyuma!"

Tukarudi. Yeye hakurudi. Alisimama na ule mti wake wa kuchochea, akijaribu kuvuta kuni nje, kupunguza moto, na kila akivuta, chungu kingine kinapasuka. Na vinapopasuka vinavunja vile vizima vilivyo jirani. Mama alikuja mbio kutoka kazini, akamshika Bibi kiuno kwa nyuma, akamvuta. "Acha, Mama! Acha, vyungu si watu!" Bibi akaacha. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tukasikiliza mpaka pakawa kimya. Mvua ikarudi kwenye mabati kama alivyosema.

Vimebaki vitatu. Bibi alivitoa vilipopoa, akavigonga kwa kifundo cha kidole kama anavyofanya siku zote. Chungu kizima kinalia kama kengele ndogo. Hivi vikasema kof. Vyote vitatu.

Hakulaumu mvua wala ubao. Laiti angelaumu ubao. Alinyoosha mikono yake mbele ya taa, akaigeuza viganja juu, viganja chini.

"Wa kale waliweza," akasema. "Basi ni hii mikono. Imekwisha."

Mama akasema, "Ni uchovu tu, Mama." Redio alikuwa analia. Mimi nilifagia vigae. Nilifagia hata pale ambapo hapakuwa na kigae.

Alhamisi, tarehe 28

Mama alikwenda kumwambia muuguzi mkuu. Akarudi, akavua viatu, akasema wametafuta ndoo za plastiki.

Jumamosi, tarehe 30

Jengo limefunguliwa. Hatukwenda.

Bibi amempa Redio kokoto lake la kusugulia vyungu. Ni jiwe jeusi, laini kama sabuni iliyotumika, limetoka kwa mama yake na kwa mama wa mama yake. Lina shimo dogo pembeni, panapokaa kidole gumba.

"Chezea," akamwambia.

Redio, ambaye hanyamazi hata akiwa amelala, alilishika akanyamaza.

Jumatatu, tarehe 2

Mwezi mpya, mvua ile ile. Kuna kitu kinakosekana nyumbani na nimekijua leo. Ni kinu. Bibi hatupi vigae. Vyungu vilivyovunjika huvitwanga vikawa chenga, akazichanganya kwenye udongo mpya, ndipo chungu kipya kinapata nguvu ya kuhimili moto. Niliwahi kuona kitabuni kwamba wachimbaji wa mambo ya kale hukuta chenga hizo hizo ndani ya vyungu vya maelfu ya miaka. Nilishangaa sana siku ile. Nilinakili. Na kinu kilikuwa kinatwangwa dirishani kwangu tangu nizaliwe, sikuwahi kukiandika, kwa sababu hakikuwa kwenye kitabu.

Vigae vya Jumatano iliyopita vimelundikana nje vinanyeshewa.

Jumanne, tarehe 3

Bibi amelala mchana. Hajawahi kulala mchana.

Alhamisi, tarehe 5

Paa la maktaba limezibwa. Nilikwenda kuazima kitabu, na mwalimu wa maktaba hakuinua kichwa.

"Mdadisi wetu ananyima ubao wiki ya pili sasa. Unajua anaumwa nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Ukimwona mwambie mwandiko wake unafanana sana na ulio kwenye kadi yako ya kuazimia." Akagonga muhuri. "Nimelijua hilo tangu pweza. Kabla ya pweza."

Nilidhani nitakimbia. Badala yake nikakaa kwenye ngazi ya kupandia rafu, nikamwambia. Yote. Sauti yangu ilikuwa ngeni, kama ya mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Kuhusu tanuri tayari alikuwa anajua, kutoka kwa Redio bila shaka. Kuhusu majivu hakujua. Alivua miwani, akaifuta, ikabaki chafu vile vile.

"Mimi niliibandika," akasema mwishoni. "Sikukuuliza umeitoa wapi. Ilinipendeza nikaibandika. Kwa hiyo kosa la ubao ni letu wawili. Lakini bibi ni wako peke yako."

Ijumaa, tarehe 6

Nimempelekea karatasi mkononi, si chini ya mlango. Nainakili hapa.

Je, ulijua? Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia sita ya ile yaliyokuwa nayo. Ndiyo maana chungu kibichi kikiwekwa motoni hupasuka, hata kikifinyangwa na fundi bora. Majivu hayazuii hilo. Habari ya tarehe 18 haikutoka kwa watafiti. Niliitunga.

Je, ulijua? Kuna mfinyanzi anayepima unyevu wa chungu kwa shavu lake. Shavu huhisi baridi ya maji ambayo macho hayayaoni. Shavu lake lilisema kweli hata siku ile. Aliacha kulisikiliza kwa sababu aliniamini mimi.

Chini nimeandika jina langu lote, na la baba.

Mwalimu akasoma mara mbili. "Jumatatu saa moja inakwenda ubaoni," akasema. "Na unajua nani atakuwa wa kwanza kuisoma."

Redio. Saa nane mchana Bibi atakuwa ameisikia, kwa kelele, mlangoni, mbele ya muuza mkaa.

Kwa hiyo nina Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi, tarehe 7

Nilisema nitamwambia asubuhi. Asubuhi ikapita. Nikasema baada ya kula. Tukala, tukaosha vyombo.

Nikatoka nje, nikavuta kinu, nikaanza kutwanga vigae. Sikujua la kufanya na mikono. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Mchi unaruka, vumbi linaingia machoni, na baada ya muda mfupi viganja vyangu vilikuwa vimetoa malengelenge. Sehemu kubwa ya vigae ilikuwa ya kijivu.

Bibi akatokea mlangoni, akaegemea.

"Unatwanga kama unamtwanga mtu."

"Ndiyo, Bibi."

"Nani huyo?"

Mchi ukabaki juu. Nilifungua mdomo, kweli niliufungua, na Redio akatoka mbio kuuliza kama anaweza kusaidia.

Bibi alinisogeza mkono wa kulia chini kidogo kwenye mchi. "Hapo. Utajiumiza." Akashika chenga kidogo, akazisugua kati ya vidole, akazipuliza. "Kwa nini unatwanga? Mimi nimeacha."

Nikaendelea kutwanga. Akarudi ndani. Lakini hakulala. Nilimwona amekaa dirishani mpaka nilipomaliza rundo la vigae.

Jumapili, tarehe 8

Alasiri. Mvua imekatika tangu jana na leo kuna jua dhaifu ukutani, palipokuwa na vyungu. Mama amelala na viatu vyake vya kazi. Redio yuko kwa jirani. Kesho saa moja ile karatasi inakwenda ubaoni.

Nimejaribu kuandika nitakavyosema. Nimeandika mara nne nikafuta mara nne. Kwa lugha ya darasani inatoka vizuri mno, kama barua ya kuomba kazi. Kwa lugha ya nyumbani inabaki maneno machache tu: Bibi, ni mimi. Hakuna wa kale. Mikono yako haina kosa.

Basi. Ni hayo tu. Wiki mbili nimeyabeba kama ndoo iliyojaa, naogopa yasimwagike.

Nasikia kandambili. Ni zake, najua, mguu wa kulia unaburuza kidogo. Ametoka jikoni. Kwa mazoea nimekwisha kulisukuma daftari nusu chini ya godoro, na hapo ndipo nilipoacha. Bibi hajui kusoma. Muda wote huu, kila jioni, nimekuwa namfichia karatasi mtu ambaye ningeweza kumwekea kurasa zote mapajani asipate hata neno moja. Hakuna kitakachomfikia kutoka humu. Lazima kitoke kwangu.

Nimelitoa daftari, nimeling'oa jalada la Hesabu. Ataniuliza ninaandika nini, maana huuliza kila siku.

Kandambili zimesimama mlangoni. Daftari nimeliacha wazi kitandani, na kalamu naiweka chini.